Taji Chini ya Kitanda cha Mfalme

Kitu kikiingia chini ya kitanda, urefu wa shingo haukusaidii. Anayekitaka atapiga magoti, ataweka shavu sakafuni, atakula vumbi kidogo, kisha atakipata. Asiyetaka kupiga magoti atabaki amesimama na heshima zake, na kitu nacho kitabaki kule kule. Wengi wetu tunalijua jambo hili kwa midomo tu. Mwalimu Verlyn Ostby wa mji wa Loon Prairie, Minnesota, alilijua kwa magoti.

Mwalimu Verlyn alifundisha fasihi katika shule ya mji huo tangu ujana hadi mvi. Katika yote aliyofundisha, hakupenda kitu kama tanzia moja ya kale ya mfalme aliyempeleka mwanawe wa pekee vitani kwa ushauri wa waziri mwongo, kisha akafia kitandani akimwomba radhi mtoto asiyerudi. Hotuba ile ya mwisho aliijua kwa moyo. Haja yake ilikuwa moja tu: siku moja aitamke jukwaani, watu wa mji wake wanyamaze, wamsikilize mpaka neno la mwisho.

Tatizo lilikuwa hao watu wa mji wake. Kila mwezi wa Julai, katika ukumbi wa wakulima, kikundi cha maigizo huchukua mchezo mzito wa kale na kuugeuza kichekesho cha vurugu. Kila mtu hupewa mfuko wa bisi mlangoni. Akiingia mwovu, anazomewa na kurushiwa bisi. Akiingia binti aliyezama mapenzini, watu wazima wenye wajukuu hushusha pumzi kwa pamoja. Mwalimu aliyaita mambo hayo najisi. Mwaka mmoja, theluji ilipoyeyuka, aliukodi ukumbi huo huo akaigiza tanzia yake kama ilivyoandikwa, na watazamaji wakatosha benchi moja. Wawili kati yao walidhani ni jioni ya mchezo wa bingo.

Basi Lorraine Bakke, muuza chambo cha samaki ambaye pia ndiye kiongozi wa kikundi, alipotangaza kwamba mchezo wa Julai ni tanzia ile ile, Mwalimu nusura azimie. Alikaa nyumbani akinung'unika, mwisho akaenda dukani kwa Lorraine shingo upande. Alitaka kuwa mfalme, kwa sharti kwamba hotuba ya mwisho isiguswe.

Lorraine, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake, alifuta mikono yenye minyoo kwenye aproni.

"Hotuba chukua, Mwalimu, hata mkato siugusi," alisema. "Ila watu wetu unawajua. Ukiwaletea sura ya matanga tangu mwanzo, watakuzika kabla hujafa."

"Mimi nitakuwa mfalme, Lorraine, si kikaragosi."

"Haya. Usije tu ukasema sikukwambia."

Katika mazoezi alikataa kila mzaha. Taji lake lilikuwa bati la kuokea keki, lile lenye tundu katikati, naye alilivaa kama dhahabu. Mtumishi wa mfalme aliigizwa na Duane Skoglund, mkulima wa mahindi aliyewahi kulala katika vipindi vyote vya Mwalimu. Kila Duane alipotoa kichekesho, mfalme alimpa mgongo.

Siku ya kwanza ya maonyesho ukumbi ulijaa. Mwalimu akaingia, amenyooka kama mlingoti, akaanza kunena. Watu wakatazamana. Hapa kulikuwa na mtu asiyetabasamu, asiyejikwaa, anayewatazama kwa juu. Punje moja ya bisi ikaruka kutoka benchi la tatu, ikafuatwa na mvua nzima. Walikuwa wamekata shauri kwamba mwovu ni yeye. Waziri mwongo, aliyejiandaa kuzomewa hivyo kwa muda mrefu, alisimama pembeni msafi kabisa, akimwonea wivu.

Mwalimu alikwepa bisi, na taji likamdondoka. Likabingirika jukwaani kwa kelele, likaishia chini kabisa ya kitanda cha mfalme. Bila taji asingeweza kuendelea, kwa sababu hotuba yenyewe huanza mfalme anapolivua. Akamtazama Duane. Duane akakitazama kitanda, kisha akamtazama yeye.

"Magoti yangu mabovu, mkubwa," Duane akasema taratibu. "Na taji, nijuavyo mimi, ni lako."

Ukumbi ukacheka. Mwalimu aliona haya, akaona na hasira. Alifikiria kutoka mlango wa nyuma na kwenda zake nyumbani. Lakini alijua kwamba akitoka hapo, hotuba ile ataenda nayo kaburini, na hakuna atakayemwomba tena. Akapiga magoti. Akaingiza kichwa, akaingiza mabega, na joho lake likanasa kwenye springi ya kitanda. Sehemu ya mfalme iliyobaki nje ndiyo ile isiyofaa kuutazama umma.

Watu wakacheka mpaka machozi. Yeye, kule gizani, alingoja aibu imuue. Haikumuua. Aliwasikia vizuri, watu aliowafundisha kusoma, na hakuna aliyecheka kwa chuki. Kwa kweli yeye mwenyewe alifurahi.

"Duane," sauti ikatoka mvunguni, nzito kama ya darasani, "nimeipata insha yako. Uliniambia ililiwa na mbwa."

Paa nusura ling'oke. Duane alimvuta miguu, mfalme akatoka na vumbi usoni na bati kichwani, akainama mbele ya hadhira. Toka hapo alijikwaa palipotakiwa, akamkimbiza waziri kwa mto wa kitanda, na bisi sasa zikampata mwenye kustahili, huyo waziri mwongo.

Mwishoni alilala kitandani, akavua bati lililobonyea, akaanza hotuba. Wachache walicheka, kwa mazoea tu. Kisha mikono ikatulia ndani ya mifuko ya bisi. Alimwita mwanawe, akamwomba radhi, na ukumbi mzima ukamsikiliza. Alipokata roho, Duane alitakiwa adondoshe sinia ili watu wacheke. Alilikumbatia kifuani, hakulidondosha.

Baadaye, wakila tambi na kuku wa kuokwa, Duane alimsogelea na sahani yake.

"Mwalimu, kile kitabu cha huyu mfalme bado unacho? Nadhani sikukisoma."

"Najua hukukisoma," Mwalimu akasema. "Njoo kesho ukichukue."

Joho lake lilikuwa bado na vumbi magotini. Lorraine alitaka kumpangusa, naye akamzuia mkono. Vumbi lile alikuwa amelifanyia kazi, na jioni hiyo Loon Prairie nzima ilikuwa shahidi: mtaka cha mvunguni sharti ainame.