Kwa Nini Mfugaji Humpigia Goti Kondoo Dume

Zamani, kabla wafugaji wa nyanda hizi hawajajifunza kupiga goti, kondoo dume alichaguliwa kwa mkia. Mwenye mkia mnene aliachwa apande majike. Wengine walifungwa kipande cha ngozi chini ya tumbo ili wasizalishe. Hakuna aliyeuliza zaidi ya hapo.

Sironka alikuwa na kundi kubwa, na maringo makubwa kuliko kundi. Mwanawe Parmuat alipooa binti wa mjane aitwaye Nolari, mila ilimtaka ampelekee mkwe huyo kondoo dume wa heshima. Sironka akawatazama madume wake weupe, roho ikamuuma. Mwishowe akamtoa mwekundu mmoja, kibete, mbavu nje, ambaye hakuwahi kufunguliwa ngozi. Akampeleka na ngozi yake tumboni.

Wageni na majirani wakaangaliana. Nolari hakukunja uso. Alimpokea kwa mikono miwili, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Sironka akacheka njia nzima hadi nyumbani.

Miaka ikapita, wajukuu wakazaliwa. Kisha ikaja masika isiyojua kukoma. Nyasi zikarefuka, na minyoo ikapanda nazo. Kondoo wa Sironka walikula wakazidi kukonda. Taya zikavimba maji, kope zikapauka kwa ndani. Dume la mkia mnene likaanguka kwanza, na watoto wake, waliorithi mkia wake na tumbo lake, wakamfuata. Kwa Nolari, aliyekuwa amemfungua ngozi yule kibete, wanakondoo wekundu wa uzao wake walikuwa wakirukaruka matopeni. Minyoo walikuwa nayo, ila haikuwaweza.

Majike wachache walipobaki, mke wa Sironka, Naisula, alimwambia, "Baba Parmuat, hawa wajukuu watakunywa nini? Nenda kwa mkwe."

"Kwa uso gani?"

"Kwa huohuo uliochekea."

Akaenda. Salamu zikamtoka nusunusu kwa aibu. "Mkwe wangu, nimekuja kuomba... yule mwekundu..."

Nolari hakumwacha ajidhalilishe zaidi. Akamletea dume kijana, mjukuu wa yule kibete. "Mkia usiutazame, mkwe. Mfunue kope."

Dume lilikuwa fupi. Sironka akapiga goti matopeni, mbele ya majirani walewale walioiona zawadi yake, akafunua kope. Ndani palikuwa pekundu, damu tele. Angeweza kuinuka hapo, lakini hakuinuka. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuwa na pa kuyaficha ila kwenye shingo ya kondoo.

Nolari akamwinamia. Kisha akamwekea begani kipande cha ngozi kilichochakaa, kilekile kilichokuja na zawadi. "Hiki ni chako. Kila kizazi, mfunge mwenye kope nyeupe kwa ndani, hata awe mnene vipi. Mwenye nyekundu mwache azalishe."

Sironka alifanya hivyo hadi uzeeni. Zizi likajaa tena, na kila aliyelipita alijua damu ile ilitoka kwa nani.

Na tangu siku hiyo, mfugaji wa huku hamfungui dume ngozi kabla ya kupiga goti na kulitazama jicho lake. Vijana husema anatafuta dalili za minyoo, nao hawakosei. Lakini aliyepiga goti la kwanza alikwisha kuona alichotaka kuona. Alibaki chini kwa sababu hakuweza kumtazama mkwe wake usoni.