Bruda Burkadi na Ukoko wa Misheni

Haya, sogeeni. Nikisema "Sufuria", nyie itikieni "Ibandike". Nikisema "Hadithi", itikieni "Ipakue". Na wewe unayesinzia hapo pembeni, itikia hata kwa kukoroma.

—Sufuria!
—Ibandike!
—Hadithi!
—Ipakue!

Basi hapo kale, zama ambazo paka walisema kama watu, palikuwa na bruda mmoja katika misheni ya Kilindawe, jina lake Burkadi. Kilatini hakujua, kuimba hakujua, na akisalisha rozari hata mbuzi walitoka nje. Kazi yake ilikuwa moja, kupika. Na hiyo nayo alipewa kwa sababu hakukuwa na mwingine.

Kila siku Burkadi alipika wali sufuria kubwa. Akawapakulia mapadri, uliobaki akawagawia maskini mlango wa nyuma mpaka ukaisha. Yeye akabaki na ukoko. Akaketi kwenye kigoda, akakwangua, akatafuna. Kru, kru, kru.

Watu wakamwona, wakafanya ishara ya msalaba. "Jamani, mtakatifu huyu. Wali anatupa sisi, yeye anakula ukoko."

Maskini Burkadi! Ukweli ni kwamba ukoko aliupenda kuliko chakula chochote duniani. Utotoni alipigana na dada zake kwa ajili yake. Ule wa rangi ya kahawia, wenye mafuta kidogo, nyie mnaujua, msijifanye. Wali mweupe ulikuwa haumpiti kooni. Alikuwa anagawa asichokitaka, na sifa anapewa.

Akawaambia maskini mlangoni: "Mimi ukoko naupenda." Wakasema, tazama unyenyekevu. Akamwambia katekista: "Mimi ukoko naupenda." Katekista akasema, tazama unyenyekevu. Akamwambia Paroko mezani: "Padri, mimi mlafi tu, ukoko naupenda." Paroko akafuta machozi. "Tazameni unyenyekevu. Hata mfungo wake anauficha."

Aliyemsadiki ni paka wa jikoni peke yake. "Mtakatifu wa ukoko," alimwita, "hebu nisogezee huo mkia wa samaki." Burkadi alicheka, akausogeza.

Ukaja mwaka wa njaa. Bibi mmoja, Otilia, akafika jikoni na mjukuu wake mgongoni.

"Tumsifu Yesu Kristo, Bruda."

"Milele amina, bibi. Karibu."

"Huyu ni Sekunda. Mama yake tumemzika njiani, na tangu hapo mtoto hali. Amekuwa mwepesi, wakati mwingine nasahau kama nimembeba. Ndiye aliyenibakia, Bruda. Nisaidie asife."

Burkadi akapakua wali mweupe, laini. Mtoto akafumba mdomo, akaitazama sufuria.

"Bruda, mtoto anatazama nini?" paka akauliza.

"Anatazama moto. Anasikia baridi."

Akaleta uji wa maziwa. Mtoto akafumba mdomo, akaitazama sufuria.

"Bruda, mtoto anatazama nini?"

"Anatazama moshi. Unamwasha macho."

Akaleta yai la Paroko, lile la Jumapili. Mtoto akafumba mdomo, akaitazama sufuria.

"Bruda, mtoto anatazama nini?"

"Anatazama kifuniko," Burkadi akasema, kwa sauti ndogo.

Paka akapiga miayo. "Haya. Akifa tutasema kifuniko ndicho kilichomuua."

Burkadi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akakwangua kipande kidogo kama ukucha, tena kilichoungua. Mtoto akakipokea. Kru. Bibi Otilia akaziba mdomo kwa kanga, akalia. "Mama yake alikuwa akimkwangulia hivyo hivyo," akasema.

Mtoto akanyoosha mkono. Burkadi akampa kingine, akachagua chembamba. Mtoto akanyoosha mkono tena. Sasa ulibaki ule wa katikati, wa kahawia, na hapo ndipo mtakatifu wetu alipotokwa jasho. Akasali sala ndefu kuliko zote alizowahi kusali: "Bwana, na huu?" Akautoa wote.

Kesho yake mtoto akaomba tena, na siku iliyofuata, mpaka mavuno yakafika. Sekunda akanenepa, akaanza kufukuza kuku. Burkadi akawa anaketi kwenye kigoda na sahani ya wali mweupe, akiumeza kama dawa.

Watu wakamwona. Hawakufanya tena ishara ya msalaba. "Mmemwona Bruda? Njaa imemshinda, mfungo kauacha. Yeye anakula wali mweupe kama askofu, na yatima anampa ukoko!"

Burkadi akataka kuwaeleza. Akakumbuka kwamba watu hawa kila akiwaambia kweli hawasadiki. Akacheka mpaka wali ukampalia.

Alipokufa walimzika pembeni, karibu na banda la nguruwe, na hakuna aliyepeleka jina lake Roma. Paka alikwenda kaburini, akaketi, akasema, "Hapa amelala mtakatifu." Lakini paka nani atamsikiliza?

—Sufuria!
—Iepue!

Funzo lenyewe ni hili: ukitoa usichokipenda, umesafisha jiko tu. Utakatifu unaanza pale mkono unapokuwa mzito. Mimi mwenzenu bado sijafika huko. Kwa hiyo aliyeigusa sufuria yangu wakati nasimulia, airudishe.