Mgongo wa Tupokigwe

"Mfinyanga mgongo hakuliona bakuli." Mmeisikia jana kisimani, Tumpe na Lusajo, mkaja kuniuliza nani aliisema kwanza. Wengi wanaisema tu, hawajui ilikotoka. Mimi najua, na laiti nisingejua. Methali hii ilianza hivi.

Nilikuwa bado kijana, nina mtoto mmoja tu, Ambwene, baba yenu mkubwa. Kijijini kwetu, kando ya Ziwa Nyasa, wanawake wote ni wafinyanzi. Vyungu niliviweza, lakini raha yangu ilikuwa kufinyanga watu. Nilifinyanga mama anayetwanga, mzee aliyesinzia mdomo wazi, watoto wanaogombea muwa. Hawakuwa watu wa kutunga. Walikuwa wa palepale kijijini, ukitazama tu unamjua mtu. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu, nami nikazoea kusifiwa. Kuzoea sifa ni kubaya, wajukuu zangu.

Ambwene alipofika mwezi mmoja, nikashuka ufukweni wanapoanika usipa, dagaa wa ziwa letu. Wenye samaki walikuwa wameshaondoka. Nikamwona Tupokigwe, mjane, jirani yangu wa mlango kwa mlango. Ameinama chini ya vichanja, anaokota usipa walioanguka mchangani, mmoja mmoja, anawapuliza, anawaficha kwenye pindo la kanga.

Nikasema moyoni, kumbe! Kanisani anakaa benchi la mbele, kumbe anaokota masalia! Sikumwita. Nilirudi nyumbani vidole vinaniwasha, nikachukua udongo.

Nilimfinyanga vilevile alivyo: mgongo umepinda, mkono mmoja chini, mwingine umebana pindo.

Sasa kwetu vyombo vinachomwa pamoja. Kila mwanamke analeta vyake, vinapangwa rundo moja, vinafunikwa kuni na nyasi. Moto ukipoa, mkubwa wetu anavitoa kimoja kimoja, anakiinua mbele ya wote, na mwenyewe anaitika. Siku ile mkubwa alikuwa Bibi Subilaga. Akatoa vyungu, akatoa mitungi, mwisho akainua sanamu yangu.

"Haya, na huyu wa nani?"

"Wangu, bibi!" niliitika kwa sauti kubwa.

"Jamani, si Tupo huyu!" mmoja akapiga kelele.

"Angalieni pindo! Kanga imegeuka tenga!"

"Ndiyo maana kwake hakukosi harufu ya samaki!"

Walicheka wote. Tupokigwe alikuwa amekaa palepale, vyungu vyake miguuni. Akanyoosha mkono.

"Hebu nipe nione, bibi."

Akaigeuza sanamu, akaitazama mbele na nyuma.

"Umenipata, mama Ambwene," alisema taratibu. "Hata goti langu bovu umelikunja sawasawa. Ila bakuli hukuliona."

"Bakuli gani tena?" niliuliza, bado nacheka.

"Lile la mchuzi, ulilokuwa ukinirudishia tupu kila jioni. Mumeo hayupo, maziwa hayatoki, mtoto analia. Ulidhani wale usipa nilikuwa nawanunua kwa pesa gani?"

Kicheko kikakatika. Mimi ndiye niliyekunywa mchuzi ule siku arobaini, wajukuu zangu. Tena siku moja nilimwambia, "Mama, leo mchuzi wako una mchanga." Akanijibu, "Nisamehe, mwanangu, kesho nitaosha vizuri."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikataka kuichukua sanamu niivunje. Akanizuia.

"Ya nini kuivunja? Wameshaiona."

Akaondoka nayo. Jioni nilifinyanga kibakuli kidogo, nikaenda kwake, nikapiga magoti, nikakibandika kwenye ule mkono wa chini wa sanamu. Kikashika. Asubuhi nilipopita, kilikuwa kimekauka na kudondoka chini. Udongo uliopita motoni haupokei udongo mbichi. Hilo kwetu analijua hata mtoto, na mimi nililijua, lakini nilijaribu hivyohivyo.

"Acha, mwanangu," aliniambia. "Hakitashika."

Alinisamehe, akaendelea kunisalimia na kumbeba Ambwene. Lakini ufukweni hakukanyaga tena. Hata akienda shambani alizunguka njia ya mlimani, na goti lake lile, asipite karibu na vichanja. Njia ile ndefu nilimpa mimi.

Baada ya hapo, mtu yeyote akianza kumcheka mwenzake kwenye uchomaji, Bibi Subilaga alisema maneno yale ya mgongo na bakuli huku anachochea moto, hanitazami. Wenzangu wakayashika, wakaenda nayo masokoni, na sasa yamefika kisimani kwenu.

Sikufinyanga mtu tena. Nanyi mkimwona mtu ameinama, msikimbilie kuita wenzenu waje kumtazama. Hamjui ameinama kwa ajili ya nani. Pengine ni wewe. Mfinyanga mgongo hakuliona bakuli.