Taa za Tela na Mtoto Asiye na Jina

Sogeeni motoni, maana nawapeleka Njombe, kwenye vijiji vya viazi, ambako mwezi wa saba ukungu hulala barabarani mpaka saa tatu asubuhi. Kusimulia ni kwangu. Kuamua ni kwenu.

Palikuwa na watu watatu katika kijiji kimoja. Twilumba, mjane, alijaliwa kutochoka: akishika jambo, halimponyoki. Gaspari, fundi wa umeme wa magari, alijaliwa mikono: chombo kilichowakataa wengine, kwake kilitii. Obadia, dereva wa trekta, alijaliwa kuijua barabara: kila kona na kila shimo aliviona hata pasipoonekana kitu. Watatu hao hawakuwa marafiki. Waliunganishwa na msiba.

Asubuhi moja ya ukungu, mwezi wa saba, trekta la Obadia lilizimika njiani likivuta tela la viazi. Akakata matawi, akayatandaza nyuma ya tela kama wafanyavyo madereva wote, kisha akainamia injini. Elia, mtoto wa pekee wa Twilumba, akaja na pikipiki. Matawi hakuyaona. Tela hakuliona. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na alikuwa hajaoa.

Polisi walimhoji Obadia, wakamwachia. Akaja msibani, akasimama mbali, kofia mkononi.

"Niliweka matawi, mama," alisema.

"Matawi hayaonekani kwenye ukungu," Twilumba akamjibu.

Baada ya hapo hakumwambia neno tena. Obadia alipopita na kumwamkia, "Kamwene, mama," Twilumba aligeuza uso.

Matanga yalipoanuliwa, Twilumba akaanza kwenda barabarani kila kulipokucha. Alisimamisha kila trekta.

"Nyuma una nini?"

"Viazi, mama."

"Sijauliza umebeba nini. Nyuma una nini cha kumwambia mtu kwamba upo?"

Wengine walicheka. Wengine walimwonea huruma, na mmoja akamwita kichaa mbele ya watu. Mvua zikaja, zikaondoka, yeye yupo pale pale. Alihudhuria mikutano minane ya kijiji, akasema lile lile mara nane. Katika mkutano wa tisa watu wakanyoosha mikono: tela lisilo na taa za kumetameta nyuma lisiingie barabarani. Twilumba akarudi nyumbani, akatandika kitanda cha Elia, akakaa juu yake. Alingoja furaha, haikuja.

Agizo likapita, lakini taa zikafa. Zile za dukani zilikatika waya kwa mtikisiko kabla wiki haijaisha, na trekta likizima, nazo zilizima. Madereva wakaanza kunong'ona kwamba kazi ni bure. Hapo Twilumba akaenda kwa Gaspari, na Gaspari akajifungia karakanani. Alizifunika taa kwa mpira wa tyubu ili maji yasipenye. Kila taa akaipa betri yake ndogo, iwake hata trekta likifa, kisha akaitundika kwa ndoano, mtu aweze kuichomoa na kuibeba. Katika kazi hiyo tindikali ya betri ilimrukia usoni, na jicho la kushoto likaenda. Kidonda kilipopona alirudi kazini, akamalizia tela la mwisho kwa jicho moja.

"Pole, fundi," Twilumba alimwambia.

"Zinawaka?"

"Zinawaka."

"Basi," Gaspari akasema, akaokota bisibisi yake.

Dereva wa kwanza kufungiwa taa hizo alikuwa Obadia. Hakuna aliyemlazimisha. Kila asubuhi kabla ya kuondoka alizizunguka, akazifuta vumbi kwa shati lake. Na kila alipopita, Twilumba alizitazama taa, hakumtazama yeye.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba tena, pini inayofunga tela kwenye trekta ilikatika mlimani. Tela likabaki katikati ya barabara. Obadia akayazuia magurudumu kwa mawe. Taa mbili zilikuwa zinametameta vizuri, lakini yeye aliijua barabara ile: nyuma palikuwa na kona yenye ukingo mrefu wa udongo, na mtu anayetoka huko angeziona taa akiwa ameshafika. Akachomoa taa moja, akarudi nayo kwa miguu mpaka kwenye kona, akasimama akiipunga.

Gari dogo likaja kasi. Ndani yake alikuwamo mwanamke aitwaye Yusta, pamoja na mumewe, amejikunja kwa uchungu wa kuzaa, akikimbizwa hospitali. Dereva wake aliona kitu kinametameta ukunguni, akakanyaga breki. Tope likalivuta gari. Likampiga Obadia, likaendelea kuteleza, na dereva alipoiona taa ya pili, ile ya kwenye tela, akajua pa kukatia usukani. Likasimama hatua tatu kutoka kwenye tela.

Walimpakia Obadia kiti cha mbele. Njiani aliuliza mara moja tu: "Ile ya kwenye tela bado inawaka?" Wakamwambia inawaka. Hawakumfikisha hai.

Twilumba alisikia kishindo akiwa shambani, akakimbia. Alilikuta tela la Obadia, mwenyewe hayupo, taa moja ikimetameta. Ya pili ilikuwa mtaroni, na yenyewe ikimetameta. Alitaka kulia, akashindwa kujua anamlilia nani.

Yusta alijifungua salama siku ile ile, mtoto wa kiume. Alipopata nguvu alikuja na mumewe nyumbani kwa Twilumba. Gaspari na mkewe waliitwa, na dada yake Obadia pia.

"Kwetu mtoto huitwa kwa jina la aliyemvusha," Yusta alisema. "Na jina ni moja. Nimeshindwa kuchagua."

Dada yake Obadia akasema, "Kaka yangu alisimama mbele ya gari. Hakuacha mtoto. Jina lake lisipopata mtu, limekwisha."

Mke wa Gaspari akasema, "Bila taa, huyo marehemu angepunga nini? Mume wangu alitoa jicho. Au shukrani ni za wafu tu, mnangoja naye afe?"

"Nyamaza, mke wangu," Gaspari alisema taratibu. Lakini hakusema kwamba hataki.

Kisha wote wakamtazama Twilumba. Kama si yeye kusimama barabarani, pasingekuwa na agizo, wala taa, wala mtoto. Naye hakuwa akitaka jina lake. Alitaka la Elia, ambaye pia hakuacha mtu.

"Mama," Yusta akasema, "aliyezika kwanza ndiye ataje jina." Akamwekea mtoto mapajani.

Twilumba akafungua mdomo kulitaja jina la mwanawe. Akamwona dada yake Obadia, jinsi alivyokaa ukingoni mwa mkeka, mikono imefumbatana, hamtazami mtu. Mdomo ukabaki wazi.

Je, wewe ungeamua vipi? Ungemwita mtoto Elia, au Gaspari, au Obadia? Na kama ungekuwa ndiye Twilumba, ungeweza kulitamka jina hilo kila siku, ukimwita mtoto aje ale? Semeni, maana mtoto analia, na hakuna anayejua amwite nani.