Pembe Iliyojipuliza

Sogeeni hapa. Mimi kuzungusha maneno sijui, nawaambia kisa kama kilivyo.

Palikuwa na mfinyanzi, Bi Mwanakombo, mwenye hasira za karibu. Bila maji hafinyangi, asipofinyanga wanawe hawali. Na kijijini kwao mbiu ikilia, watu hukimbilia kwa Jumbe, mkuu wao.

Siku moja pembe ya mbiu ikalia yenyewe: "Jumbe amefunga kisima!"

Bi Mwanakombo akashika mchi, akavunja mlango wa Jumbe.

"Kisima kipi tena, we mama?" Jumbe akalia. Kumbe kisima ki wazi.

Pembe ikalia tena: "Jumbe amefunga kisima!" Akakimbia tena, akavunja dirisha la Jumbe. Kisima ki wazi. Akarudi kichwa kinamzunguka.

Ikalia mara ya tatu. Huku majirani wanapiga kelele, "Tumchome Jumbe!" Kule wengine, "Uongo uleule, rudini mkalale." Bi Mwanakombo katikati, hajui ashike lipi. Aa! Akajitwika mtungi, akaenda kisimani.

Kisima kimefungwa kweli, kwa jiwe kubwa! Juu ya jiwe limekaa zimwi.

"We mwanamke! Ulitakiwa uiamini pembe yangu, au uikatae. Nani kakwambia uje kuangalia?"

"Na Jumbe je?"

"Jumbe? Hata sura yake siijui!"

Akalipasulia mtungi kichwani. Zimwi likayeyuka, na jiwe lake pia.

Mlango na dirisha alivitengeneza mwenyewe, Jumbe akimtazama.

Maji yale nimeyanywa mimi. Anayebisha, njia ya kisimani ile pale.