Uso Ndani ya Kata

Sogeeni, wanangu, na anayetafuna ameze kwanza.

Ukame ulikausha visima vyote, kikabaki kimoja chenye jini. Jini akaipa kila nyumba kata moja ya maji kwa siku.

Bi Sikitu alikuwa na mtoto mwenye homa. Siku ya kwanza alimnywesha kata yote, yeye akashinda na kiu. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu, alipogeuka kumfunika mtoto, shoga yake Mashavu akaingia, akaikuta kata, akainywa yote.

"Nisamehe, shoga, koo lilikuwa linawaka."

"Na la mwanangu je?"

Sikitu akanyakua mchi, akampiga mara moja tu. Mashavu hakuinuka tena.

Sikitu akakimbilia kisimani. "Jini, nirudishie shoga yangu!"

Jini naye akalia. "Uchungu wako naujua, Sikitu. Ungekuja kuomba kata ya pili, ningekupa. Uhai sina."

Akamjazia kata. Mtoto akanywa, akapona. Lakini tangu siku hiyo, kila alipoinamia maji, aliuliza, "Mama, nani mwanamke huyu humu ndani? Mbona ana kiu?"



Hadithi yangu imekaukia hapo. Nendeni mkanywe maji, na mwenzenu mumwachie.