Reli Iliyofuata Mfereji

Hapo kale!

Mbona kimya? Mnajibu, "Palikuwa!" Haya. Palikuwa na mlima, na juu ya mlima palikuwa na sisi. Wewe Kajiru, acha kumfinya mwenzako.

Enzi hizo garimoshi liliishia tambarare. Sisi wa juu tuliteremsha wagonjwa hospitali kwa machela, kutwa nzima, teremka, teremka, teremka. Binti mmoja, Naelijwa, alishikwa na uchungu wa kuzaa akiwa juu ya machela hiyo, na mtoto akafia njiani. Akaapa: "Sizai tena mpaka niteremke nimeketi kama watu!" Mama yake, Namkunda, alilia hadi macho yakavimba, maana hakuwa na mwana mwingine wa kumpa mjukuu.

Basi akaja Bwana Mpimaji wa reli. Akapigilia vigingi kupanda juu, vimenyooka twaa! Akatazama, akatikisa kichwa.

"Poleni, wazee wangu. Mlima umekataa."

Namkunda, msimamizi wa mfereji wa kijiji, akatua jembe. "Mwanangu, unapanda kama mbuzi. Tazama maji yangu. Yanatoka kileleni, yanazunguka kila bega la mlima, yanafika chini bila kukimbia. Yakikimbia, yanabomoa. Pitisha gari lako humo, lianzie chini."

"Mama, njia itakuwa ndefu mara tano!"

"Nani kakuomba fupi?"

Mpimaji akapima siku nne, akarudi anacheka. Inawezekana! Ila reli ingekalia mfereji wenyewe. Wazee wakawaka. "Na migomba yetu itakunywa nini?"

Namkunda akawajibu, "Huu niliuchimba na mama yangu. Mwingine nitachimba na uzee wangu. Anayeogopa jembe abaki nyumbani."

Hakubaki mtu, wajukuu zangu. Wakachimba, wakachimba, wakachimba. Maji yakahama kwanza, ndipo reli ikalazwa.

Mwaka wa nne reli ikafika kwetu juu, na Naelijwa, mimba imekomaa, akapanda behewa akateremka hospitali. Namkunda akakesha na wasiwasi wiki mbili. Kisha siku moja garimoshi likaja, polepole, bega hili, bega lile. Naelijwa akashuka kwa miguu yake, kabeba mtoto mgongoni.

"Mama, usimwamshe. Amelala njia nzima."

Basi, mkiambiwa mlima umekataa, ulizeni: umekataa safari, au umekataa njia mliyochagua?

Kisa changu kimefika stesheni. Mwenye masikio ashuke na mzigo wake.